Nani Anatusimulia? Riwaya na Filamu Machoni pa Watu wa Mpakani



Nimeombwa nitoe hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, maoni yangu kuhusu riwaya nilizosoma siku hizi na filamu zilizotokana nazo. Aliyeniletea ombi aliongeza kwa mdomo kwamba hadhira ingependa kujua jambo moja tu: kitabu na filamu, kipi bora? Nitamvunja moyo. Swali hilo nimelisikia tangu nianze kusomesha fasihi na jibu lake halijawahi kumsaidia mtu. Aliyesoma husema kitabu, ambaye hakusoma husema filamu, kila mmoja akaenda zake. Leo naomba tuulize jingine. Kitabu kinapogeuzwa filamu, msimulizi wake huenda wapi?

Riwaya haina picha wala muziki. Ilicho nacho ni mtu anayetusimulia. Huenda akawa mmoja wa wahusika, huenda akawa sauti isiyo na jina inayojua siri za kila nyumba. Huyo ndiye tunayekaa naye mpaka ukurasa wa mwisho, na katika kukaa naye tunajifunza kumwamini au kumshuku. Wahusika wanaweza kuhamia kwenye filamu. Mji unaweza kuhamia, hata maneno yao yanaweza kuhamia. Lakini kamera ikishaingia, msimulizi mara nyingi ndiye wa kwanza kuachishwa kazi, na hakuna anayemlilia kwa sababu hatukuwahi kumwona sura.

Nianze na kitabu ambacho sehemu hii ya dunia ina haki ya kukizungumzia kuliko nyingi. Giles Foden, Mwingereza aliyepitisha sehemu ya utoto wake barani Afrika, alichapisha The Last King of Scotland mwaka 1998. Ni hadithi ya Nicholas Garrigan, daktari kijana wa Kiskoti anayekuja Uganda mwanzoni mwa miaka ya sabini kufanya kazi Mbarara. Ajali ya gari inamkutanisha na Idi Amin, anamtibu mkono, na mwishowe anakuwa daktari wa rais. Garrigan hakuwahi kuishi duniani. Foden alimuunda kwa kuazima hapa na pale maisha ya Wazungu waliokuwa karibu na Amin, hasa Bob Astles. Filamu ya Kevin Macdonald ilitoka 2006. Ilipigwa Uganda kwenyewe, ikawachukua watu wa jukwaa la Kampala kama Abby Mukiibi na Stephen Rwangyezi, na Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, akapata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume.

Sina neno na Whitaker. Anapoingia chumbani watu wanabana miguu, nasi tunabana yetu. Neno langu ni kwa Garrigan.

Katika riwaya, Garrigan anaandika. Ameshatoka Uganda, yuko peke yake kisiwani huko Uskoti, ameshika kalamu na anadai anatueleza kila kitu. Ukisoma polepole unagundua kuwa sentensi zake zinajitetea. Aliona, akasikia, na bado akabaki. Alibaki kwa sababu ya mshahara na nyumba, na kwa sababu ya ule utamu wa kuitwa na mkubwa. Foden hamhukumu popote. Amempa kalamu tu, naye Garrigan anajihukumu mwenyewe bila kujua. Ndiyo maana kitabu kinaudhi kwa namna nzuri: unakaa ndani ya kichwa cha mtu mwoga mwenye lugha safi, na kuna kurasa unazoanza kumwelewa, ukashtuka kwamba unamwelewa.

Filamu imemnyang'anya kalamu. James McAvoy anasimama mbele yetu, kijana wa kupendeza, anazungusha tufe la dunia ili achague pa kwenda. Kidole kinaangukia Kanada, anazungusha tena, kinaangukia Uganda. Kuanzia hapo si msimulizi tena, amekuwa stelingi. Nanyi mliokulia kwenye mabanda ya video mnajua sheria za stelingi: anapendwa na mrembo wa filamu, anapigwa sana, na hafi.

Yote matatu yanatimia. Katika historia, Kay, aliyekuwa mke wa Amin, alikufa mwaka 1974 na mwili wake ukapatikana umekatwakatwa. Aliyekuwa mpenzi wake ni daktari Mganda, Mbalu-Mukasa, naye akafa wakati uleule. Hao ni watu wenye ndugu na jamaa. Filamu imemwondoa daktari Mganda, ikamlaza Garrigan kitandani kwa Kay. Mapenzi na msiba wa mtu halisi vikakabidhiwa mgeni wa kubuniwa. Sisemi msanii haruhusiwi kubadili historia. Ninasema tuangalie anabadili kwa faida ya nani, na hapa faida yote imekwenda kwa stelingi.

Kuna dakika moja, karibu na mwisho, ambayo naiona ya kweli kuliko filamu yote. Ni Julai 1976, uwanja wa Entebbe, ndege ya mateka imetua. Garrigan ameteswa na kutundikwa kwa ndoana. Daktari Mganda, Junju, ambaye David Oyelowo anamwigiza kwa utulivu mkubwa, anamwokoa na kumpenyeza kati ya mateka walioachiliwa. Anamweleza sababu: akaiambie dunia, kwani yeye ni Mzungu na ataaminiwa. Kisha Junju anapigwa risasi. Pale filamu inakiri yenyewe kwa nini ilichagua macho iliyoyachagua. Inamjua mtu ambaye ingemfaa kusimulia, na inamuua.

Halafu ndege inaruka, na filamu imekwisha.

Riwaya haikuishia hapo. Inakwenda hadi 1979, majeshi ya Tanzania yanapoingia Kampala. Na kwetu hapa, wazee mliokaa mstari wa mbele mnajua, Julai 1976 haukuwa mwisho wa jambo lolote. Februari ya mwaka huo Amin alikuwa ameshadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe kuwaokoa mateka na ndege zao kupitia Nairobi, hasira zake zilishuka kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Wengi waliuawa, na wengine wengi wakakimbia kupitia hapa Busia na Malaba. Garrigan aliondoka kwa ndege, hao waliondoka kwa miguu. Hakuna kamera iliyowangojea upande wa pili. Kama ni mimi niliyepewa fedha za filamu ile, ningeanzia hapa barabarani, siku moja baada ya ile ndege kuruka. Lakini mimi sikupewa.

Wazee watasema kwamba Amin waliyemjua kwenye kioo ni mwingine: Joseph Olita, mtu wa Siaya, katika filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981 kuhusu kuinuka na kuanguka kwa Amin. Haikutokana na riwaya, kwa hiyo si ya mada yetu, lakini naitaja kwa sababu moja. Filamu ile haina mgeni wa kutushika mkono. Ni ya kishindo, damu nyingi, kuna mahali inachekesha bila kukusudia, na bado watu wa umri wangu wanaikumbuka kwa moyo. Mira Nair alipotaka Amin wa Mississippi Masala, mwaka 1991, alimwita Olita huyohuyo.

Niguse kwa haraka The Constant Gardener, maana yanayotokea humo ni yaleyale. John le Carré aliiandika 2001, Fernando Meirelles akaitoa 2005, ikapigwa Kibera na Loiyangalani, na Rachel Weisz akapata Oscar. Kitabu kinaanza asubuhi ya Jumatatu katika ubalozi wa Uingereza Nairobi, nasi tunapokea habari za kifo cha Tessa kupitia Sandy Woodrow, mwanadiplomasia mnafiki aliyemtamani mke wa mwenzake. Uchafu wa kampuni za dawa tunauonja kwanza kupitia mtu aliye sehemu ya uchafu huo. Filamu inatuanzisha na Justin na Tessa wenyewe, wapenzi. Ni nzuri, sikatai, na picha za Kibera zina uhai ambao watengenezaji wengi wa kigeni hawauwezi. Ila yule mnafiki aliyekuwa akituongoza amerudi kuwa mmoja wa watu wa pembeni, na kitabu kimepungua ukali.

Sasa nije kwenye hadithi iliyotoka upande mmoja wa mpaka wetu ikageuzwa filamu upande wa pili.

Monica Arac de Nyeko ni Mganda. Hadithi yake fupi, “Jambula Tree,” ilishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Mtanisamehe kuingiza hadithi fupi katika mazungumzo ya riwaya, lakini ina uzito wa riwaya tatu. Ni barua. Anyango anamwandikia Sanyu, msichana waliyependana naye walipokuwa wadogo katika mtaa wa nyumba za Nakawa, Kampala, mpaka usiku mmoja walipokutwa chini ya mzambarau na Mama Atim, jirani mwenye macho ya kila mahali. Sanyu akapelekwa London. Anyango akabaki na mtaa na midomo yake. Sasa habari zimefika kwamba Sanyu anarudi.

Wanuri Kahiu, Mkenya, aliichukua hadithi hiyo akatengeneza Rafiki, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa sababu inaonyesha wasichana wawili wanaopendana. Septemba mwaka huo mahakama iliondoa marufuku kwa siku 7, na watu wakapanga foleni Nairobi kuiona. Najua ukumbi huu hauna kauli moja kuhusu mapenzi hayo, na sheria za nchi zetu mbili mnazijua. Sikuja kuendesha kura. Nimekuja kuuliza barua ilikwenda wapi.

Maana barua haimo. Anyango amekuwa Kena, Sanyu amekuwa Ziki, Nakawa imekuwa mtaa wa Nairobi. Hilo la majina lilinigusa kidogo. Anyango ni jina ambalo ukiliita Tororo mtu anaitika, ukiliita Siaya mtu anaitika. Ila kubwa zaidi ni wakati. Barua imeandikwa miaka baadaye. Anyango anajua tayari yaliyowapata, na kila sentensi imebeba mtu aliyekaa kimya muda mrefu hadi kimya kikamshinda. Filamu inatokea leo, inang'aa, rangi ya waridi na ya zambarau zinagombania ukuta, wasichana hawajui kesho itawaletea nini. Tumepata furaha ambayo barua haikuwa nayo, tumepoteza subira ambayo barua ilikuwa nayo.

Kahiu, kwa maoni yangu, alijua anachofanya. Alipoiondoa sauti ya Anyango hakuacha tundu. Alijaza mtaa. Baba wa Kena na baba wa Ziki wanagombea kiti kimoja cha siasa, kwa hiyo mapenzi ya watoto yanakuwa silaha ya kampeni. Mama Atim amebaki, sasa anauza chakula na kuuza umbea pamoja. Katika hadithi tunausikia mtaa kupitia Anyango, katika filamu mtaa wenyewe unasimulia. Huo ni ugeuzaji wa mtu aliyesoma alichokisoma. Naiweka juu ya ile ya Macdonald, ingawa yule wa pili alikuwa na fedha na Oscar.

Vuta N'kuvute, nayo, ni riwaya ambayo wengi wenu mmeisoma, ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, msichana aliyeozwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa; anamkimbia, anaangukia kwa Mwajuma, na kupitia huko anakutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi na kichwa chake kimejaa uhuru wa Zanzibar. Msimulizi wa Shafi ni mtu wa barazani. Anajua nani kapika nini, nani kamwangalia nani, askari gani anamfuata Denge, na anatuambia bila haraka, kwa Kiswahili ambacho ukikisoma kwa sauti unajikuta umeanza kutabasamu. Amil Shivji aliigeuza filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Yeye amechagua kusema kidogo na kuonyesha sana: kuta zilizobanduka chokaa, mwanga dirishani, bahari, uso wa Yasmin ukikaa mbele yetu mpaka tuone aibu kuutazama. Ni filamu nzuri sana kwa macho. Lakini yule mtu wa barazani nilimtafuta nikamkosa, na pamoja naye vimekwenda vichekesho vingi. Zanzibar ya Shafi ina msiba na utani katika sentensi moja. Ya Shivji ina msiba wenye sura nzuri.

Mwalimu mmoja hapa ameniuliza kabla hatujaanza: haya yote yanamhusu vipi mtoto wa kidato cha nne? Yanamhusu kuliko sisi sote. Kule Kenya kila mwaka vikundi vya maigizo huzunguka shule za sekondari vikiigiza vitabu teule. Maonyesho yanarekodiwa, yanauzwa kwenye DVD, siku hizi yanarushwa simu kwa simu. Tusiwabeze waigizaji hao. Wengi ni vijana wenye vipaji wanaotafuta riziki, na wameingiza fasihi katika vichwa ambavyo sisi walimu tulishindwa kuviingia. Lakini mtahiniwa aliyetazama tu, ukimwekea dondoo, anakwambia vizuri nani alisema, akimwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Alama 4 amezoa. Mwulize kuhusu kinaya, anatazama dari. Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora kina mtawala anayeitwa Mtemi Nasaba Bora, na kina mwalimu aliyeiba mswada wa kijana Amani akauchapisha kwa jina lake. Jukwaani unamwona mtawala na unamwona mwizi. Jicho linalomkonyeza msomaji juu ya vichwa vyao, lile lilibaki kitabuni, na ndilo lililokuwa likitahiniwa. (Kwamba kitabu kuhusu mswada ulioibwa kimeigizwa kwenye diski zinazonakiliwa bila idhini ya mtu, nadhani Walibora mwenyewe angecheka kabla ya kukasirika.)

Kufikia hapa mnaweza kudhani ninaomboleza. Siombolezi, kwa sababu hapa mpakani kuna kitu ambacho wahakiki wa London na Toronto hawana. Sisi tuna watu wanaomrudisha msimulizi kwa nguvu.

Nendeni Sofia jioni, upande wa Uganda. Banda la mabati, viti vya mbao, ubao mweusi nje umeandikwa kwa chaki filamu za leo na mechi ya saa nne, spika imeelekezwa barabarani ili sauti iite wateja. Ndani, Mchina anapigana na hasikiki, kwa kuwa juu yake anazungumza vijei, mtafsiri wa filamu, kwa Kiluganda. Hiyo ndiyo enjogerere. VJ Jingo na VJ Junior wamekuwa na jina kubwa kuliko waigizaji wanaowatafsiria. Vukeni sasa mwingie Marachi, upande wa Kenya, mwekewe muvi kwenye flashi: Mchina huyohuyo anasimuliwa na DJ Afro kwa Kiswahili cha Nairobi. Kijana wa Kisamia anayevuka kila siku ameona filamu mbili. Katika moja, stelingi anatukana kama kondakta wa teksi za Kampala. Katika nyingine ana maneno ya kijana wa mtaani Nairobi mwenye deni la kodi. Tanzania nao walikuwa na mtafsiri wao, Lufufu.

Wasomi huwa wanalitazama jambo hili kama kichekesho cha watu maskini. Wasome kidogo. Japani, zama za filamu bila sauti, kila ukumbi ulikuwa na msimulizi wake, benshi, na watu walilipa kiingilio kumsikiliza yeye. Kaka wa Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Na karibu zaidi: Ngũgĩ wa Thiong'o ametueleza jinsi Caitaani Mutharaba-inĩ, riwaya yake ya 1980, ilivyosomwa kwa sauti majumbani, kwenye mabasi na kwenye baa, msomaji akinunuliwa bia ili asiache patamu. Riwaya ile yenyewe inasimuliwa na mpiga gĩcaandĩ, msimulizi wa jadi. Kwa hiyo hadithi ilitoka kwa fanani, ikaingia kitabuni, ikarudi kwa fanani mwingine mwenye chupa mezani. Watoto wa kidato cha pili tunawakaririsha sifa za fanani mzuri: awe jasiri, awe mchangamfu, aijue hadhira yake, aijue lugha. Kisha tunawafukuza kwenye mabanda anakofanya kazi fanani aliye hai.

Kuna filamu moja ya Uganda ambayo fanani wake ameganda ndani yake. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyopigwa Wakaliga mwaka 2010 kwa fedha za kuokoteza. Nakala ya kwanza ilifutwa kwa kukosa nafasi kwenye kompyuta. Iliyobaki duniani ni ile iliyotiwa sauti ya VJ Emmie. Leo anayeitazama Marekani au Ulaya hawezi kumtenga Kapteni Alex na sauti inayomdhihaki, na wala hatamani kumtenga.

Lakini niliyoyaona kwa macho yangu yana uzito zaidi. Niliitazama ile ya Garrigan katika banda la upande ule, imetafsiriwa. Amin anampa daktari Mercedes. Kijana McAvoy anafurahi, muziki unafurahi naye, kamera inafurahi. Vijei akasema, natafsiri: “Mtazameni, ameshanunuliwa na hata bei hajauliza.” Banda zima likaguna. Sidhani yule bwana amewahi kumsoma Foden. Alikuwa amerudisha kwenye filamu, kwa sentensi moja, ile shaka ambayo Foden aliijenga kwa kitabu kizima na Macdonald akaiacha nje. Mbele kidogo, Junju alipomwambia Garrigan kwamba dunia itamwamini yeye, vijei akauliza, “Na sisi tuliopo hapa tumwamini nani?” Hakuna aliyejibu. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza.

Nisiwapambe. Katika filamu hiyohiyo mwili wa Kay ulipoonyeshwa, mtafsiri hakujua kunyamaza. Alitia mzaha kuhusu wake wa wakubwa, vijana wakacheka, na mwanamke aliyekufa kweli akafa mara ya pili kwa kicheko. Mafanani wetu wa bandani karibu wote ni wanaume, na wanawake wa filamu wanalipa gharama yake. Kimya cha Shivji, ambacho nimekilalamikia hapo mbele, kingeuawa katika dakika tano na sauti zao. Rafiki hawataitafsiri, wakiitafsiri wataifanya ya matusi. Msimulizi anayerudi kwa nguvu si lazima awe msimulizi mwema. Ila tunaweza kubishana naye, kwa kuwa yuko pale na ana sauti. Kamera hutoa maoni yake na kujifanya haikusema kitu.

Vijana wa Tororo mliokuja na kompyuta zenu, mlioniambia mnataka kutengeneza filamu kutokana na riwaya: kamera mnazo, siku hizi ni simu tu. Nikisoma miswada yenu ya filamu naona mmegawa matukio, mmepanga mavazi, mmetafuta mwamba wa Tororo wa kuweka nyuma ya mandhari. Mwamba upo, hautahama. Msimulizi hamjamtaja hata kwa mstari mmoja. Mnaanza na yanayotokea. Anzeni na anayeyajua, amejuaje, na kwa nini ameamua kusema sasa.

Mimi ningewapa kazi ngumu: Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi. Ni riwaya ya Buganda tupu, ila ilichapishwa kwanza Nairobi, mwaka 2014, na Kwani Trust, baada ya kushinda shindano lao la miswada. Inaanza Bwaise mwaka 2004, mtu anauawa na umati kwa kudhaniwa mwizi. Kisha inaruka nyuma hadi 1750, Kintu Kidda anampiga kofi mtoto wa kulea, mtoto anakufa, na baba yake, mgeni kutoka Rwanda, anautupia ukoo laana. Baadaye tunawafuata wazao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sehemu yake ya kitabu, hadi wanapokusanywa pamoja. Wengi wameniambia haiwezi kuigizwa, watu ni wengi mno, miaka ni mingi mno. Mimi naona shida si wingi. Shida ni kwamba msimulizi wa Makumbi hasemi kama laana ipo au haipo. Anamweka Miisi, msomi aliyesoma Ulaya na asiyeamini mambo hayo, karibu na watu wanaoamini, na anawaacha wote wawe na haki. Kamera itakayoonyesha nyuki, ndoto na mizimu itakuwa imeshaamua upande. Kamera itakayokataa kuvionyesha itakuwa imeamua upande mwingine.

Ningemweka vijei ndani ya filamu. Mmoja anayeamini laana, azungumze Kiluganda. Mwingine asiyeamini, azungumze Kiswahili. Wagombanie spika moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwanamke mmoja awe na haki ya kuwazima wote wawili. Mwenzangu wa Tororo aliyekaa pale nyuma anatikisa kichwa tangu nilipotaja spika. Mpeni kipaza sauti kwanza.